Kikulacho Mukuru ki nguoni mwetu

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja mtaani Mukuru kwa Reuben, mashariki mwa jiji la Nairobi. Niliwauliza: protini ni nini? Mikono iliinuka kwa wingi, na jibu likatoka kwa kauli moja: "Protini ni chakula cha kujenga mwili, kama maharagwe na mayai." Jibu hilo si kosa. Ndilo nililofunzwa mimi, na ndilo nililowafunza wengine kwa miaka mingi. Lakini nilipotoka na kuvuka mtaro mweusi uliopita hatua chache kutoka langoni, nilijiuliza kama jibu hilo linawatosha watoto wanaouruka mtaro huo kila asubuhi.

Nasema hivyo kwa sababu katika mtaro ule mna protini za namna nyingine. Ni za bakteria aitwaye Salmonella Typhi, ambaye huleta homa ya matumbo. Mukuru si mgeni kwake. Watafiti wa taasisi ya KEMRI, wakiongozwa na Profesa Samuel Kariuki, waliwachunguza maelfu ya watoto wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben kwa miaka kadhaa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Waligundua mambo mawili ya kutia hofu. Kwanza, wengi wa bakteria waliopatikana walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Pili, walipatikana pia katika watoto wasio na homa wala dalili yoyote, waliokuwa wakicheza na wenzao kama kawaida.

Bakteria huyu hufanya kazi yake kwa protini. Protini ni mashine ndogo mno, na kila mashine hutenda kulingana na umbo lake, kama vile ufunguo unavyofungua kufuli kwa meno yake. Anayelijua umbo anaweza kukisia kazi. Lakini umbo hilo halionekani kwa darubini za shuleni. Kwanza protini husafishwa hadi ibaki peke yake. Kisha huachwa igande taratibu iwe fuwele, kama magadi yanavyoganda kule Ziwa Magadi maji yanapokauka. Fuwele hiyo hupigwa miali ya eksirei, miali hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na hesabu ndefu huugeuza mpangilio huo kuwa ramani ya atomu.

Mwaka 2013, kundi la Profesa Jorge Galán wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilichapisha ramani ya namna hiyo ya sumu ya bakteria wa homa ya matumbo. Sumu hiyo ni protini saba zilizoshikana: tano zimejipanga kama pete, na mbili zimekaa juu yake mfano wa piramidi. Pete ndiyo mkono unaoshika seli zetu, nao hushika sukari iliyo juu ya seli. Mwaka uliofuata kundi hilo likaonyesha kwamba mkono huo huchagua. Hushika sukari ya aina waliyo nayo binadamu, na huikosa ile iliyo kwa wingi katika sokwe na wanyama wengine wengi wanaonyonyesha. Tofauti ya sukari hizo mbili ni atomu moja tu ya oksijeni!

Msomaji ataniuliza: atomu moja ya oksijeni yamhusu nini mama anayenunua maji kwa mtungi kwa Reuben? Yamhusu sana. Umbo hilo linakubaliana na jambo ambalo matabibu walilijua kitambo, kwamba bakteria huyu hana makao mengine ya kudumu ila mwanadamu. Hafugwi na ng'ombe, wala hajifichi kwa kuku au panya. Hutoka kwa mtu, akapita katika kinyesi, maji na chakula, akaingia kwa mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Njia hiyo ikikatwa, adui hana msitu wa kukimbilia.

Kwa hiyo ramani iliyochorwa Yale inatuelekeza chooni. Na hapa ndipo ninapotofautiana na makundi mawili ya wenzangu. Kundi la kwanza husema sayansi ya protini ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba sisi tuchimbe mitaro ya majitaka basi. Kundi la pili hungoja dawa mpya kutoka ng'ambo, kana kwamba mitaro itajisafisha yenyewe.

Nawaambia wa kwanza: dawa tulizo nazo zinapungua nguvu, na sababu imo katika umbo. Ndani ya protini ya bakteria iitwayo jirasi, badiliko la asidi amino moja, ile ya 83, hutosha kulegeza mshiko wa dawa ya siprofloksasini. Asiyejua hayo atameza vidonge viwili vya dukani, apate nafuu, aache vingine, na kuwapa bakteria nafasi ya kujifunza.

Nawaambia wa pili: hata ramani nzuri ina mipaka. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walitangaza matokeo ya jaribio la watu waliojitolea kuambukizwa, na bakteria aliyeondolewa sumu ile bado aliwaletea homa. Sumu si hadithi nzima. Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto mwezi Julai 2025, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini chanjo humkinga mtoto. Haizibi bomba lililopasuka kando ya choo. Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Tangazo hilo lisipimwe kwa kurasa za ripoti, bali kwa idadi ya nyumba zilizofikiwa na maji safi na mifereji ya majitaka.

Liko jambo jingine linaloniuma. Bakteria wetu, ramani zao. Afrika haina hata mtambo mmoja mkubwa wa miali ya sinkrotroni, ambao ndio watafiti wa maumbo ya protini huutegemea zaidi. Mtafiti wetu hana budi kupeleka fuwele zake ng'ambo. Hata hivyo ramani zenyewe hazijafungiwa. Zimo katika Hifadhi ya Data za Protini iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo sasa ina maumbo zaidi ya 200,000, na yeyote mwenye simu na intaneti huyaona bila malipo.

Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo pa kuanzia. Ukifika kwenye mada ya protini, usiishie kwenye maharagwe. Waonyeshe wanafunzi ile piramidi ya protini saba, waizungushe kwenye kioo cha simu, kisha uwatoe nje wautazame mtaro. Waulize bakteria huyu alitoka kwa nani, ataingia kwa nani, na nani ana wajibu wa kumkatia njia.

Siku ile nilipokuwa nikiaga, msichana mmoja wa dawati la mbele aliniuliza: "Mwalimu, kama anakaa kwa watu pekee, si tunaweza kummaliza?" Nilimjibu kwamba tunaweza. Nangoja kuona iwapo sisi watu wazima tutamfanya mtoto yule aone kuwa nilisema kweli.