STOO KWANZA, MBEGU BAADAYE

Nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu kuhusu shamba dogo ambalo sisi na majirani wa shule tunataka kulima pamoja. Wazo lenyewe ni zuri mno. Lakini kila anayelizungumzia hutaja mbegu tu: mahindi, maharagwe, sukuma wiki. Hakuna anayeuliza jembe litalala wapi. Mimi nasema pesa za kwanza zijenge stoo, mbegu zifuate.

Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Jioni ikifika, kila mtu hushika njia yake, na kwa sababu shule haina pa kuweka vifaa, tunaambiwa tuje na majembe kutoka nyumbani. Hebu fikirini! Hapa Rongai mvua ya masika ikianza, jembe ninalobeba ndilo hilo hilo mama analolitegemea. Nikija nalo, yeye halimi. Likipotea je? Mzazi atanunua jingine kwa pesa za unga. Kisha ati tunashangaa wazazi wakikataa kusikia habari za shamba la pamoja!

Stoo si lazima iwe jumba. Nguzo, mabati, mlango imara na kufuli vinatosha. Somo la Kilimo hutufundisha vifaa vya shambani na majengo ya shambani. Mbona tuyaache kwenye karatasi ya mtihani? Ijengwe mahali palipoinuka, maji yasituame. Mifuko ya mbolea ikae juu ya mbao isishike unyevu. Majembe na mapanga yaoshwe, yakaushwe, yapakwe oili kuukuu na kutundikwa ukutani. Dawa za wadudu nazo zifungiwe peke yake, mbali na mbegu na chakula.

Isitoshe, paa la stoo ni kisima. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 mraba ya bati huleta lita 1 ya maji. Basi paa la mita 4 kwa mita 5, likinyeshewa milimita 20, hukinga karibu lita 400. Hiyo ni mitungi 20 ya lita 20, ambayo hakuna msichana atakayeibeba kichwani kutoka mbali.

Wengine watasema mvua haingoji fundi. Ni kweli. Basi msimu huu tulime kipande kidogo tu, na wazazi waombwe mabati ya zamani badala ya majembe. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, stoo bila daftari ni bure. Kila kifaa kipewe nambari, anayekichukua atie sahihi, na anayekirudisha vilevile. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu, wa pili mwakilishi wa majirani. Vilabu vya 4K, ambavyo vilifufuliwa katika shule za Kenya mwaka 2021, jina lao ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kuungana ndiko kunakotangulia. Lakini tutaunganaje, ikiwa kila mmoja analilia jembe la kwao?

Nimenena. Mwenye masikio na asikie.