Misuli ya Kijana na Sufuria ya Nyumbani

Jioni ukipita mitaa ya Ilembo hapa Mpanda, utawasikia vijana kabla hujawaona. Vyuma vinagongana nyuma ya nyumba, mmoja anahesabu kwa sauti, wengine wanacheka. Vingine si vyuma hasa, ni makopo yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba. Sisi hatuna ugomvi na mchezo huo. Kijana anayetoka jasho saa kumi na moja jioni hayuko kilabuni saa hiyo, na mazoezi yanasaidia kumkinga na kisukari na shinikizo la damu. Ugomvi wetu uko kwenye sahani.

Siku hizi mtunisha misuli ameambiwa kwamba chakula ni kimoja tu, nao ni utomwili, au protini kama wengi wanavyouita. Anameza mayai mabichi alfajiri. Mchana anataka nyama, jioni nyama tena, na akipata fedha ananunua kopo la unga wa protini lenye picha ya mtu aliyevimba mabega. Ugali anauona ni chakula cha wavivu. Maharage, hayo anawaachia wadogo zake. Je, anachofanya kinamjenga? Na baada ya miaka ishirini kitakuwa kimemfanyia nini?

Tuanze na hesabu, kwa kuwa watu wengi hubishana bila kuhesabu. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kiasi cha gramu 0.8 za utomwili kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kijana wa kilo 70 asiyefanya mazoezi anatosheka na gramu 56. Anayenyanyua vyuma kweli kweli anahitaji zaidi, na wataalamu wa michezo wanataja gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo. Tuchukue 1.6, kiasi ambacho baada yake faida ya kuongeza haionekani sana kwa walio wengi. Kwa kijana wetu ni gramu 112. Zitatoka wapi? Nusu kilo ya unga wa mahindi, yaani ugali wa mchana na wa jioni, ina gramu 40 hivi. Gramu 200 za maharage makavu zina zaidi ya 40. Gramu 50 za dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika zinaleta kama 30 nyingine. Hesabu imekwisha, na hatujagusa yai, maziwa, karanga, wala mgebuka wa Karema.

Ule ugali unaodharauliwa, basi, umeleta zaidi ya theluthi moja ya kazi. Tena ndio unaompa nguvu ya kunyanyua. Akiukataa, mwili utachoma hata ule utomwili aliogharamia ili upate nguvu, na nyama imekuwa kuni. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi kuhusu chakula cha wakimbiaji hodari wa Kikalenjini nchini Kenya. Robo tatu ya nguvu zao ilitoka kwenye vyakula vya wanga, na utomwili ulitoa sehemu moja tu kati ya kumi. Tunajua mkimbiaji si mtunisha misuli. Lakini hakuna atakayewaita wale wavivu.

Sasa ile ziada inakwenda wapi? Mwili hauna ghala la utomwili kama ulivyo na ghala la mafuta. Kinachozidi huvunjwa, sehemu moja ikachomwa au kugeuzwa mafuta, na taka zake zikapelekwa kwenye figo zitolewe kwa mkojo. Kwa hiyo anayekula utomwili mwingi huzipa figo zake kazi kubwa zaidi kila siku.

Hapa tuseme ukweli wote, maana wapo wazazi waliowatisha watoto wao kupita kiasi. Kwa kijana mwenye figo nzima, uchunguzi uliokwisha kufanyika haujaonyesha kwamba utomwili mwingi peke yake unaziharibu. Lakini sehemu kubwa ya uchunguzi huo uliwafuata watu kwa miezi au miaka michache, si kwa miaka thelathini. Na kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kuguswa, habari ni nyingine kabisa: huyo hushauriwa na madaktari apunguze, kwa sababu mzigo ule huweza kuharakisha kuharibika kwake.

Nani basi anajua hali ya figo zake? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wazima mkoani Kilimanjaro. Watu 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, na kwa wakazi wa mjini walikuwa 15. Kati ya hao wagonjwa, ni kama mmoja tu katika kumi aliyejua kuwa anaumwa. Figo hazipigi kelele. Shinikizo la damu na kisukari, ambavyo ndivyo viharibifu vikubwa, navyo huingia kimya kimya. Hiyo ndiyo sababu tunasema kwamba kijana anayetaka kula utomwili mara mbili ya wenzake apimwe kwanza. Tena tuna neno kuhusu vidonge vya maumivu. Mwenye misuli inayouma hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani na kumeza siku nyingi mfululizo bila kuulizwa na mtu. Dawa hizo, zikitumiwa hivyo na mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo, zinaweza kuzidhuru figo zilizokuwa nzima.

Madhara mengine yanaonekana mapema. Wanaokula nyama nyingi na kunywa maji kidogo hupata mawe ya figo kwa urahisi zaidi, na wenye asili ya jongo huamshwa usiku na kidole gumba cha mguu. Choo kinakuwa kigumu, kwa sababu nyama na mayai havina makapimlo, yaani ile sehemu ya mimea isiyosagika tumboni. Nyama yenye mafuta mengi, ikiliwa kila siku kwa miaka, inaongeza hatari ya mishipa ya moyo kuziba. Nyama ya porini isiyo na kibali sisi hatuijadili hapa. Hiyo italeta kesi kabla haijaleta misuli.

Mayai mabichi nayo hayana sifa tunazoyapa. Mwaka 1998 wachunguzi wa Ubelgiji walipima na kuona kwamba utomwili wa yai lililopikwa huingia mwilini kwa kiasi cha asilimia 90, lakini wa yai bichi nusu tu. Anayemeza sita mabichi amepata faida ya matatu, pamoja na hatari ya vijidudu vya kuharisha.

Kuhusu makopo, unga wa protini wa kweli ni chakula tu, mara nyingi ni maziwa yaliyokaushwa na kuchujwa. Si sumu, wala si muujiza. Tatizo ni kwamba mnunuzi hajui kilichomo. Makopo ya namna hii yamewahi kupimwa katika nchi mbalimbali, na mengine yakakutwa na vitu visivyoandikwa, hata steroidi. Asiyeona alama ya TBS asinunue. Na atakayeshauriwa na mwenzake kuchoma sindano ya kukuza misuli akimbie. Mwaustria Andreas Münzer, aliyejulikana duniani kwa mwili usio na mafuta, alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 31 tu. Hakuuawa na mayai wala nyama. Alikuwa ametumia steroidi na dawa za kukausha maji mwilini.

Lakini linalotusumbua zaidi si la jimu, ni la jikoni. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu mayai ni machache, nyama ni ya siku maalumu, na fedha ya mboga ni moja. Kijana mwenye kilo 70 akichukua mayai yote ya wiki, nani amekosa? Amekosa mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, na amekosa mama mjamzito. Uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Rukwa, wanaolima mahindi mengi kuliko mikoa mingi, ni karibu nusu. Mtoto hawezi kudai yai lake. Kaka yake anaweza kula maharage na dagaa, akaendelea kunenepa mabega bila kupungukiwa na kitu. Hapo tunawasemesha ninyi wazazi: gawanyeni wenyewe, msimwachie mwenye nguvu agawe.

Hata hivyo tusije tukamlisha mtoto mayai tukamnyima uji. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1954 kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo, na kwa miaka mingi wataalamu wa dunia wakaamini kwamba shida ya watoto wa Afrika ni utomwili tu. Mwaka 1974 Daktari Donald McLaren aliandika kwa ukali katika jarida la The Lancet kwamba walikuwa wamekosea: watoto wengi walipungukiwa na chakula chote kwa jumla. Jambo la kupendeza ni kwamba Trowell mwenyewe, akiwa na mwenzake wa Mulago Denis Burkitt, baadaye alikuja kuandika juu ya faida ya makapimlo, yale yale yaliyomo katika dona na maharage anayoyakataa kijana wetu.

Siku moja vyuma vitaachwa. Kazi, ndoa, maumivu ya mgongo, sababu hazikosekani. Wengi huacha mazoezi lakini hawaachi sahani ya enzi zile, na hapo ndipo tumbo, kisukari na shinikizo la damu huanza. Anayeacha vyuma apunguze chakula mwezi huo huo.

Kwa wanaoendelea, nendeni zahanati au kituo cha afya mara moja kwa mwaka mkapimwe shinikizo la damu, sukari na mkojo. Msingoje mwaka uishe mkiona mkojo unaotoa povu siku baada ya siku, au uso na miguu vimevimba asubuhi. Na mkipimwa damu kwa ajili ya figo, mwambieni mganga kwamba mnanyanyua vyuma na mtajieni kila unga mnaotumia, hasa kreatini, kwa kuwa misuli mikubwa na unga huo huweza kupandisha kipimo hata kama figo ni nzima.