Sakura Haisubiri Tiketi Yako

Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayepanga kwenda Japani kwa mara ya kwanza ili aone majira ya nchi ile, karibu kila anayemuuliza atamwambia aende mwishoni mwa Machi, sakura, yaani maua ya mcheri, zikichanua. Ushauri huo unavutia, lakini kwa msafiri wa kutoka kwetu ni ushauri mbaya. Kama fedha zinatosha safari moja tu, na aende Novemba, majani yanapogeuka rangi. Sisemi majani mekundu yanayapita maua kwa uzuri. Hilo kila mtu na macho yake. Nasema ua la sakura halina miadi na mtu, ilhali safari yetu yote ni miadi. Likizo huombwa mapema. Tiketi hununuliwa miezi kadhaa kabla, kwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, na nauli ya kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa huzidi kupanda kadiri siku zinavyokaribia. Na ubalozi, kabla ya kutoa viza, hutaka ratiba ya siku kwa siku: tarehe fulani utakuwa mji gani na utalala wapi. Mjapani akisikia maua yamefunguka hupanda treni keshoye. Sisi hatuna keshoye.

Tazama tarehe zenyewe. Mjini Tokyo, sakura huhesabiwa kuwa zimechanua pale maofisa wa idara ya hali ya hewa wanapoona maua matano au sita yamefunguka kwenye mti mmoja wa mfano, ulio katika uwanja wa hekalu la Yasukuni. Mwaka 2023 siku hiyo ilikuwa 14 Machi, na kufikia 22 Machi maua yalikuwa yamejaa. Mwaka uliofuata yalianza kufunguka 29 Machi na kujaa 4 Aprili. Aliyepanga safari ya 2024 kwa kufuata picha za 2023 alifika akakuta matawi matupu. Yakishajaa hudumu kama wiki moja tu, na usiku mmoja wa mvua na upepo waweza kuyamaliza. Isitoshe, sehemu kubwa ya sakura za mijini ni za aina iitwayo Somei Yoshino, ambayo huzalishwa kwa kupandikiza vikonyo, hivyo miti yote ni nakala ya mmoja: mji mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Ndiyo maana mandhari yake inashangaza, na ndiyo maana ukiikosa umeikosa yote. Kyoto, ambako kumbukumbu za maua zimekusanywa kutoka shajara na maandishi ya zamani kuanzia mwaka 812, kilele cha 2021 kilifika 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliojulikana hadi wakati huo. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya 1409. Sisi tunalijua jambo hili la maumbile yasiyo na miadi kwa upande wa mwenyeji: mgeni analipa fedha nyingi, anakesha siku mbili kando ya Mto Mara, na nyumbu wanagoma kuvuka.

Wapo wanaosema ukiikosa Tokyo, lifuate ua kaskazini, kwani mji wa Hirosaki huchanua katika nusu ya pili ya Aprili. Ni kweli, ila Oktoba 2023 pasi ya treni ya siku saba kwa wageni ilipanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Mwisho wa Aprili nao huangukia mfululizo wa sikukuu ambapo Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi, na chumba cha kulala huwa adimu. Na hata Hirosaki haina dhamana. Mwaka 2023 maua yake yaliwahi sana, sikukuu zikafika yakiwa yamekwisha.

Majani hayana haraka hiyo. Mahali pa kuliona jambo hili kwa karibu ni Nikko, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni kutoka Asakusa, Tokyo. Kutoka mjini, basi hupanda mlima kwa barabara ya Irohazaka, yenye kona 48 ukijumlisha njia ya kupandia na ya kushukia, kila kona na kibao chake chenye herufi moja ya alfabeti ya kale. Mji uko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari; Ziwa Chuzenji, huko juu, liko karibu mita 1,270. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo bima ya msafiri. Yumoto, juu zaidi ya ziwa, majani huwaka mapema Oktoba. Ziwani ni katikati hadi mwisho wa Oktoba. Kwenye mahekalu ya chini, kati ya mierezi mirefu ya hekalu la Toshogu, ni siku za mwanzo wa Novemba. Rangi huchukua mwezi mzima kuteremka mlima mmoja. Ikishamalizika huko, miti ya ginko ya Tokyo inaanza kuwa ya manjano, kisha zamu ni ya Kyoto, ambako miti ya momiji, yaani maple, hubaki mekundu hadi mapema Desemba. Na kwa kuwa si nakala za mti mmoja, huu ukiwa umepukutika, jirani yake bado una rangi.

Kuna pingamizi ninazozikubali. Joto la dunia limeyagusa na mapukutiko: theluji ya kwanza kileleni mwa Mlima Fuji mwaka 2024 ilionekana 7 Novemba, kuchelewa kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu za miaka 130. Majani nayo yanachelewa. Lakini kuchelewa siku tano katika jambo la wiki tatu hakuui safari. Katika jambo la wiki moja kunaiua. Jua la mwisho wa Novemba huzama Tokyo saa kumi na nusu jioni, na hili huwashtua waliozoea siku ya saa kumi na mbili za mwanga. Baridi nayo ipo, ingawa mchana wa Tokyo mwezi huo hucheza kwenye nyuzi 17, na koti la kawaida linatosha. Kuhusu umati, hakuna pa kuukimbilia. Nchi ilipokea wageni karibu milioni 37 mwaka 2024, na katika hekalu la Tofukuji mjini Kyoto msongamano wa Novemba uliwahi kufanya upigaji picha kwenye daraja lake mashuhuri upigwe marufuku. Hasara kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwakosa Wajapani waliotandika maturubai ya buluu chini ya maua katika bustani ya Ueno, wakila, wakinywa na kuimba. Novemba haina karamu ya namna hiyo, wala sioni cha kuifidia.

Anayekubali hesabu hii atue Tokyo siku chache za mwanzo wa Novemba akiwa na majuma matatu, aanze na Nikko kabla mahekalu hayajabaki na matawi matupu, asubiri ginko za Tokyo, kisha ateremke Kyoto katika juma la mwisho. Asilale Kyoto kwenyewe, bei zikiwa zimepaa; Otsu iko dakika kama kumi tu kwa treni, na anayetoka huko alfajiri atafika kwenye mahekalu kabla ya mabasi ya watalii.