Uchungu wa mapema si uchawi: mkojo wa mama upimwe kambini

Katika kambi za wakimbizi wa vita, na katika familia zinazowapokea huko Kivu na Ituri, mama akizaa kabla ya miezi kutimia maneno huanza siku hiyo hiyo. Jirani anasema amerogwa. Mama mkwe anasema ni ukaidi, alibeba bidoni nzito. Bwana ananyamaza. Mama anabaki na mtoto asiyefika kilo mbili, ama bila mtoto, na lawama juu yake.

Lawama hizo hazina haki.

Waganga wanaeleza kwamba uchungu wa kuzaa, hata ule wa wakati wake, unafanana na namna kidonda kinavyovimba. Mimba ikitimia, askari wa mwili wanaokaa ndani ya damu wanaingia kwenye mlango wa kizazi na kwenye ngozi ya chupa. Wanatoa kemikali ziitwazo saitokini, nazo zinaamsha nyingine ziitwazo prostaglandini. Mlango wa kizazi unalainika, chupa inakuwa dhaifu, tumbo linaanza kukaza. Hapo hakuna ugonjwa. Ni mwili unaojua saa imefika.

Shida ni kwamba mikrobe zinaweza kupiga kengele hiyo hiyo kabla ya saa. Zikipanda kutoka ukeni hadi kwenye chupa, ama zikikaa kwenye njia ya mkojo, askari wale wale wanaamka, kemikali zile zile zinatoka, na tumbo linakaza kwenye mwezi wa saba. Malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma inaleta hatari hiyo pia. Si kila mtoto wa mapema anatokana na hayo: kuna presha, kuna mapacha, na mara nyingi sababu haijulikani. Lakini mikrobe na malaria zinaweza kuzuiwa.

Na kambini zimefunguliwa njia. Choo kimoja ni cha watu wengi, hakina komeo wala taa. Mama mwenye mimba anaogopa watu wenye silaha usiku, kwa hiyo anabana mkojo hadi asubuhi. Mchana anakunywa maji kidogo kwa kuwa bidoni moja ni ya nyumba nzima. Hapo ugonjwa wa mkojo unapata nafasi, na wakati mwingine hauumi hata kidogo. Mama anajiona mzima.

Ndiyo maana kipimo cha mkojo kinapaswa kuhesabiwa kuwa msaada, sawa na unga na mahema. Kuna wanaojibu kwamba njaa ndiyo ya kwanza. Njaa ni ya kweli. Lakini mtoto wa mapema anahitaji joto, oksijeni na mrija wa kumlisha, vitu ambavyo vituo vingi vya afya havina. Kupima mkojo na kutoa dawa za siku saba ni bei ndogo mbele ya hayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati mwaka 2020. Na uzazi wa bure ambao serikali ilianzisha Kinshasa mwaka 2023 unabaki habari ya redioni tu kwa mama asiyepata hata kijiti cha kupimia mkojo.

Wakubwa wa kambi wanaweza kuanza leo: komeo kwenye vyoo vya wanawake, na taa. Mashirika yalete vipimo. Bwana amsindikize mke wake chooni usiku. Hiyo si aibu, ni kulinda mtoto wake.

Akina mama nao waende CPN mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, waombe mkojo upimwe. Kuanzia mwezi wa nne waulize juu ya Fansidar, na walale ndani ya chandarua. Wasinunue vidonge sokoni kwa kubahatisha. Dawa nyingine zinadhuru mimba. Mkojo ukichoma, homa ikipanda, maji yakitoka ama tumbo likikaza kabla ya wakati, waende kituo cha afya bila kungoja.

Na mwenye kutafuta mchawi aanze kwa kukagua choo.