KICHEKO HIKI KIKOME

Ndugu wanachama, wako wenzetu wanaocheka binti wa mfanya kazi akisoma Chuo Kikuu jinsi dhuluma ya rangi na dhuluma ya mwanamke zinavyoshikamana. Maneno matupu, wasema. Sivyo! Somo hilo lilitoka kiwandani.

Katika General Motors ya St. Louis, Marekani, wanawake weusi walioajiriwa baada ya 1970 walitolewa wote kazi zilipopungua: aliyeingia mwisho atoke kwanza. Wakashtaki. Mwaka 1976 korti ikawajibu, shtakini kama wanawake au kama weusi, si yote mawili pamoja. Lakini wanawake wa zamani walikuwa weupe wa ofisini, na weusi walikuwa wanaume wa mitamboni! Mwalimu wa sheria Kimberlé Crenshaw aliifichua kasoro hiyo 1989.

Na kanuni ile, ndugu, sisi wenyewe twaitetea mbele ya waajiri. Tumeuliza lini ni akina nani waliofunguliwa mlango mwisho?