Mbwa wa Posta na Mawe Yetu

Msomaji wangu, usishituke kuona ukurasa huu leo umeingiwa na mbwa. Najua tulivyo sisi watu wa Pwani: mbwa akipita karibu na mtu aendaye msikitini, mtu hujikusanya kanzu kana kwamba ameona moto. Nami ni mmoja wao.

Kisa chenyewe ni cha mbwa na watu wa posta, nao ni mahasimu wa tangu zamani katika nchi ambako barua hupelekwa mlangoni. Sisi huku ugomvi huo hatuujui sana, kwa kuwa barua zetu twazifuata wenyewe kwenye sanduku la posta. Lakini Marekani, mwaka 2023 peke yake, wafanyakazi wa posta zaidi ya 5,800 walishambuliwa na mbwa. Ndipo nikaona habari ya Owney yafaa kusimuliwa.

Owney alikuwa mbwa mdogo asiye na nasaba, aliyezoea posta ya mji wa Albany, katika jimbo la New York, yapata mwaka 1888. Alipenda mifuko ya barua. Alilala juu yake, na mifuko ikipakiwa aliifuata, mpaka akaanza kupanda magari moshi yaliyochukua barua na kufika miji ya mbali. Makarani wakampenda naye akawapenda, na kila alikoshuka akafungwa kibati chenye jina la mji. Vibati vikawa vingi hata vikamlemea, ndipo John Wanamaker, mkuu wa posta wa Marekani wakati ule, akampa kikoti cha kuvichukulia. Mwaka 1895 akatiwa melini katika bandari ya Tacoma, akaizunguka dunia akarudi salama. Mbwa huyo! Nami kwa umri wangu huu na kalamu yangu hii, safari zangu wazijua.

Mwisho wake haukuwa mwema. Mwezi wa Juni 1897, katika mji wa Toledo, akiwa mzee na mwenye hasira, alipigwa risasi, na namna mambo yalivyokuwa yasimuliwa kwa njia mbalimbali. Makarani hawakukubali azikwe. Walichangishana fedha, mwili wake ukahifadhiwa, na tangu 1911 umo mikononi mwa jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwaka 2011 posta ya nchi yake ikamtolea stempu.

Sasa nauliza, mbwa yule aliwapendea nini watu wale? Si sare wala cheo. Walimpa tonge na pahali pa joto pa kulala, wala hawakumfukuza. Basi.

Hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu. Mimi nilifundishwa chuoni, kabla sijajua kuandika jina langu vizuri, kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo silitoi wala silipunguzi. Lakini chuo kikifunguliwa tulikuwa tukitoka na kuokota mawe, tukawavurumishia mbwa njia nzima hadi nyumbani, tukidhani twachuma thawabu. Hakuna aliyetufundisha hivyo, wala hakuna aliyetukataza. Na ilhali Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyetusimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Na katika Sura ya Al-Kahf, ni nani aliyekuwa amelala mlangoni mwa pango pamoja na wale vijana wema?

Mtaniambia kuna kichaa cha mbwa. Kweli kipo, na kinaua. Lakini kinga yake ni sindano ya chanjo. Jiwe humwacha mbwa na maradhi yake yale yale, likamwongeza ukali.

Juzi baada ya laasiri nilimwona kijana mdogo, juzuu kwapani, jiwe mkononi, na mbele yake mbwa koko amejikunja chini ya mkokoteni. Nikamwita.

"Lakini babu, huyu ni najisi," akanijibu.

"Ni kweli, mwanangu. Basi usimguse, hata kwa jiwe."

Akaliangalia lile jiwe kitambo, kisha akalitia mfukoni.