Kabla Hujasaini Kadi Hiyo

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, iwe Minneapolis, Columbus au Houston, barua za kadi za mkopo hazikauki masandukuni mwenu. Kila moja inakupongeza. Je, umewahi kujiuliza anayekuandikia ni mkopeshaji wa namna gani?

Huko wakopeshaji wana madaraja. Wa daraja la kwanza hapimwi kwa ukubwa wa jina wala kwa kadi inayong'aa. Anapimwa kwa watu anaowakopesha. Alama za FICO, zinazoonyesha jinsi mtu anavyoaminika kulipa mikopo, huanzia 300 hadi 850, na CFPB, idara ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, huhesabu 660 kwenda juu kuwa daraja la kwanza. Benki yenye wateja wengi wa kundi hilo haipotezi sana kwa madeni yasiyolipwa. Ndiyo maana inaweza kutoa kikomo kikubwa cha mkopo na riba ya chini zaidi, na mara nyingi haitozi ada ya mwaka.

Anayewakopesha walio chini ya hapo hujikinga mapema. Chukua kadi yenye kikomo cha dola 300 na ada ya dola 75. Hujanunua hata mkate, umebaki na dola 225! Na hapo hajavunja sheria: sheria ya kadi ya mwaka 2009 inaruhusu ada za mwaka wa kwanza kufikia robo ya kikomo. Atakuambia anabeba hatari. Ni kweli, ila anayeilipia ni wewe.

Sasa mgeni asiye na historia yoyote ya mikopo aanzie wapi?

Aende benki au chama cha akiba na mikopo kilicho jirani, aulizie kadi ya dhamana. Unaweka amana yako, kwa kawaida kikomo kinalingana nayo, na ukifunga kadi bila deni unarudishiwa. Uliza pia kama wanapeleka taarifa zako Equifax, Experian na TransUnion, kampuni zinazotunza historia za mikopo. Wasipopeleka, utalipa kwa uaminifu na hakuna atakayejua.

Kulipa kwa wakati peke yake ni asilimia 35 ya alama za FICO. Kiasi unachodaiwa ni asilimia 30. Kwa hiyo baba na mama, kaeni pamoja jioni moja, muandike tarehe ya malipo kwenye kalenda ya jikoni. Kadi isijazwe hadi ukingoni, hata sikukuu ikikaribia (najua, wageni hawaishi).

Na wewe uliyetangulia kufika? Mwenzako kazini akikuonyesha barua yake wakati wa mapumziko, mpe dakika tano. Sheria inataka kila ofa iwe na jedwali la riba na ada. Litafute, umsomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kabla hajasaini.